Kukata kutu na kupaka rangi upya upande wa chini wa mlango wa gari kuukuu

Mlango wa gari huoza kutoka ndani kwenda nje. Maji ya mvua hupita kwenye mpira wa kioo, hushuka ndani ya mlango, na yanatakiwa kutoka kwa vitundu vilivyo kwenye ukingo wa chini. Vumbi na majani yakiviziba, maji hutuama kwenye mkunjo ambapo bati la nje limekunjwa juu ya fremu, na kutu huanza hapo. Kwa hiyo ukiona rangi imevimba vipele upande wa nje, kutu imeshamaliza safari yake. Anayekwangua kipele, akapiga puti (udongo wa kujazia mabonde ya bati) na kupuliza rangi juu yake, atakiona kipele kile kile tena baada ya msimu mmoja wa mvua.

Mwongozo huu unahusu mlango kwa sababu ni mahali pazuri pa kujifunzia: haubebi uzito wa gari. Vizingiti, nguzo, na sehemu zinazoshika mikanda ya usalama usizijaribie mkono. Hizo ni kazi ya fundi bodi mwenye uzoefu wa kulehemu.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kushika msasa

Funga sumaku ndogo kwa kitambaa chepesi uipitishe polepole chini ya mlango. Inapolegea, kuna puti ya zamani. Inapoachia kabisa, puti ni nene au bati halipo. Kisha gonga kwa ncha ya bisibisi kila penye kipele. Bati zima hulia kwa ukali, lililooza hubonyea.

Jua pia unapaka juu ya rangi gani. Lowesha kitambaa cheupe kwa thina na ukishikilie kwenye kona isiyoonekana kwa dakika moja. Rangi ikilainika na kuhamia kwenye kitambaa, ni rangi isiyotumia hadina (kemikali inayochanganywa ili rangi au puti igande), na rangi ya kisasa ikipulizwa moja kwa moja juu yake inaweza kuikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Hapo chagua kati ya mawili: uing'oe yote, au uitenge kwa praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayoshika bati na kulikinga.

Namba ya rangi iko kwenye kibandiko au kibati kwenye nguzo ya mlango, ndani ya boneti au ndani ya buti, kutegemea mtengenezaji. Ichukulie kama mwanzo tu. Rangi iliyokaa juani miaka 20 haifanani tena na iliyotoka kiwandani, kwa hiyo mpelekee mchanganyaji rangi kifuniko cha tangi la mafuta kilichopigwa polishi.

Hatua ya 2: Osha kwanza, msasa baadaye

Sabuni na maji, kausha, kisha dawa ya kuondoa nta na grisi. Tumia vitambaa viwili: kimoja kimelowa, kingine kikavu kinachofuata nyuma mara moja kabla dawa haijakauka. Ukiiacha ikauke yenyewe, uchafu uliolainika unarudi pale pale. Usafi huu unatangulia msasa kwa sababu msasa husukuma nta na silikoni ndani ya mikwaruzo, na zikishaingia humo hazitoki kirahisi. Utazikuta siku ya kupuliza rangi.

Hatua ya 3: Kata mpaka bati lisilo na kutu

Toa kadi ya mlango (kifuniko cha upande wa ndani), nailoni ya ndani na mpira wa chini. Chomoa waya hasi wa betri. Pandisha kioo juu na kifunike kwa blanketi zito: cheche za grinda hujichomeka kwenye kioo na hazifutiki.

Ondoa rangi kwa diski ya kukwangulia au msasa namba 80 mpaka uone bati jeupe sentimita 5 hivi kupita kutu ya mwisho. Weka alama ya mkato wa mstatili ambao pembe zake ni za mviringo, kwani pembe kali hukusanya joto na kupinda bati. Kata kwa diski nyembamba ya milimita 1, na usizame ndani. Fremu iko nyuma tu. Mkato upite sentimita 2 au 3 kwenye bati ambalo pande zote mbili ni safi. Kuonea huruma bati lenye mashimo madogo madogo ndiko kunakoharibu kazi nyingi: ukililehemu, linatoboka zaidi.

Kutu ya juu juu iliyobaki kwenye fremu ya ndani ikwangue kwa brashi ya waya. Ukitumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, fuata maelezo yake ya kusuuza mpaka mwisho, kwa sababu mabaki ya asidi huzuia praima ya epoksi kushika.

Hatua ya 4: Kiraka

Kata bati jipya lenye unene sawa na la mlango. Magari mengi yako kati ya milimita 0.7 na 0.9. Likae ndani ya tundu likiacha mwanya wa milimita 1 hivi pande zote. Kiraka kinachobana kitavimba kikipata joto.

Kwa mashine ya kulehemu ya MIG, tumia waya wa milimita 0.6. Usivute mstari. Piga nukta moja, hamia upande wa pili, piga nyingine, na ungoje bati lipoe mpaka uweze kuliwekea kiganja. Anza kwa nukta zilizoachana sentimita 3 au 4, kisha endelea kujaza katikati yake. Kazi ya kiraka kimoja cha upana wa kitabu inaweza kula saa nzima, na sehemu kubwa ya saa hiyo ni kungoja. Ukiharakisha, bati linajikunja kama mawimbi na hakuna puti itakayolificha.

Sawazisha nukta kwa diski ya msasa wa matabaka namba 60 au 80, kwa kugusagusa. Bati likigeuka bluu, umelichoma.

Huna mashine? Gundi ya mabati ya magari inafaa kwa ngozi ya mlango, mradi kiraka kipishane na bati la zamani kwa sentimita 2 na kibanwe kwa muda unaotajwa na mtengenezaji. Nyuzi za kioo na utomvu (faibaglasi) juu ya tundu lenye kutu hazifai: unyevu unaingia kutoka nyuma na kipande kinabanduka chote.

Hatua ya 5: Epoksi siku hiyo hiyo

Bati tupu huanza kupata kutu ndani ya saa chache kukiwa na unyevu, hata kwa alama za vidole tu. Futa kwa dawa ya grisi ukiwa na glavu, kisha paka praima ya epoksi mikono miwili (yaani matabaka mawili), ndani na nje ya kiraka. Mishono ya ndani na mkunjo wa chini vipate sila ya mishono (dawa ya kuziba mianya) epoksi ikishakauka. Vitundu vya maji viache wazi!

Hatua ya 6: Puti

Hapa ndipo wengi hupotea, na si kwa kukosa nguvu.

Kwangua epoksi kidogo kwa msasa namba 180 ili puti ishike. Kipimo cha kawaida cha hadina ni asilimia 2 ya uzito: gramu 100 za puti kwa gramu 2 za hadina. Tumia mizani ndogo mpaka jicho lizoee. Hadina ikipungua, puti inabaki na utando wa gundi unaoziba msasa. Ikizidi, ziada yake hupanda juu wiki kadhaa baadaye na kuacha doa kwenye rangi uliyomaliza, hasa rangi nyeupe na nyepesi. Ukiona mistari ya rangi ya hadina ndani ya mchanganyiko, hujamaliza kuchanganya.

Changanya juu ya kibao laini cha plastiki kwa kukandamiza na kukunja. Ukikoroga kama uji unaingiza hewa, na kila pumzi ya hewa itakuwa kitundu cha sindano. Kwenye joto la nyuzi 20 una dakika 4 au 5. Kukiwa na joto zaidi muda unapungua, basi changanya kiasi kidogo. Mkono wa kwanza uwe mwembamba na ukandamizwe kwa nguvu ili uingie kwenye mikwaruzo; ya kujaza ndiyo ifuate. Jumla isizidi milimita 3. Ukiona unahitaji zaidi, rudi kwenye nyundo na kishikio (chuma kinachoshikiliwa nyuma ya bati) ulinyooshe bati.

Baada ya dakika 20 hadi 30, puti ikikwanguliwa kwa ukucha na kutoa unga mweupe, iko tayari. Msasa namba 80 kwenye kibao kirefu kuliko eneo la puti, ukienda mshazari kushoto kisha mshazari kulia. Msasa ulioshikwa kwa vidole huchimba mifereji mitano isiyoonekana mpaka rangi ing'ae. Jicho halisaidii hapa. Vaa glavu nyembamba ya pamba, fumba macho, pitisha kiganja chote kutoka bati zima kwenda bati zima. Bonde likisikika, ongeza puti kwenye eneo pana kuliko bonde lenyewe.

Acha namba 80 ikiwa imebaki kidogo kufika usawa, malizia kwa 180. Kingo za rangi ya zamani zifute mpaka kila tabaka lionekane kama pete pana. Usitumie maji: puti hunyonya maji kama sifongo, na maji hayo hutoka baadaye yakiwa vipele.

Hatua ya 7: Praima ya kujaza

Soma Hatua ya 8 kabla ya kupuliza. Mikono 2 au 3, nozeli ya bunduki ya rangi ya milimita 1.6 hadi 1.8, ukingoja dakika 10 hivi kati ya mkono na mkono. Kila mkono uende mbali kidogo kuliko uliotangulia. Ikikauka, puliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu yake, halafu piga msasa namba 320 au 400 kwa kibao. Weusi unaobaki ni bonde. Bati likichungulia, pale palikuwa na mwinuko. Malizia kwa 600 na maji, praima tu, mahali isipobaki puti wazi.

Ipe praima muda wake wote wa kukauka, ikiwezekana usiku kucha. Ikipigwa msasa ingali mbichi, itaendelea kusinyaa chini ya rangi, na mikwaruzo ya namba 180 itajichora juu ya kazi iliyokuwa kioo wiki iliyopita.

Hatua ya 8: Kinga, kwanza yako

Hadina ya praima ya kujaza na ya klia (tabaka la mwisho lisilo na rangi linalong'aa) ina isosayaneti, kemikali ya hatari kwa mapafu. Mvuke wake unaweza kuleta pumu ya kudumu, na hauna harufu ya kukuonya mapema. Barakoa ya vumbi si kinga kabisa. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje ya eneo la kupulizia, pamoja na glavu, miwani na nguo inayofunika ngozi. Usipokuwa nayo, fanya kazi yote mpaka epoksi na puti, kisha peleka mlango kwa fundi rangi. Si aibu.

Funika gari kwa karatasi ya kufunikia au nailoni. Gazeti hupitisha thina.

Hatua ya 9: Rangi

Eneo la rangi ya zamani litakalopata klia lipigwe msasa 800 mpaka ming'ao yote iishe. Changanya rangi na thina kwa uwiano ulioandikwa kwenye karatasi ya bidhaa, chuja, jaribu kwenye kadibodi. Nozeli 1.3 au 1.4, upepo wa baa 2 hivi kwenye bunduki, umbali wa sentimita 15 hadi 20. Mkono usogee sambamba na mlango. Ukiuzungusha kwa kifundo, katikati pananenepa na kando panakauka. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia.

Mikono 2 au 3 myepesi, ukingoja rangi ipoteze mng'ao wa umajimaji kila mara. Kwa rangi ya metaliki, maliza na mkono mkavu kidogo kutoka mbali zaidi, la sivyo chembe hukusanyika na kuacha mawingu. Usikatishe rangi kwa mstari. Iache ififie kuelekea juu ya mlango, halafu klia ifunike mlango mzima. Hivyo tofauti ndogo ya rangi haionekani.

Ukiona vishimo vya duara vinafunguka kama macho ya samaki, ni silikoni au mafuta ya kompresa. Acha, ngoja ikauke, piga msasa, osha upya. Kuongeza rangi juu yake hakuvifungi.

Hatua ya 10: Klia

Mkono wa kwanza wa wastani, dakika 10, wa pili uliolowa sawasawa. Ikitoka na ganda la chungwa, bunduki ilikuwa mbali, upepo ulikuwa mdogo au klia nzito. Ikitiririka, ulikwenda polepole. Usiguse tone la mtiririko likiwa bichi. Kesho yake litakatwa kwa wembe na msasa 1500.

Baada ya saa 24 au zaidi, msasa wa maji 1500, 2000, 3000, kisha kompaundi (dawa ya kung'arishia). Kaa mbali na kingo, kwani klia huko ni nyembamba. Nta isubiri mwezi mmoja ili thina iliyobaki itoke.

Hatua ya 11: Ndani ya mlango

Hii hufanywa mwisho kwa sababu nta ya kuzuia kutu ni adui wa rangi mbichi. Ipulize kwa mrija mrefu mpaka idondoke kwenye mkunjo wa chini. Baada ya siku moja, pitisha kijiti kwenye kila kitundu, kisha mimina nusu lita ya maji kwenye mfereji wa kioo. Yakitoka yote chini bila kutuama, rudisha nailoni na kadi ya mlango.