Marudio mengi au machache? Jinsi ya kupanga mazoezi ya chuma kwa nguvu na stamina

Jimu kwetu hapa Mwanga, Kigoma mjini, swali haliishi: nipige chuma kizito mara chache, au chepesi mara nyingi? Wengi hujibiwa kwa kuangaliwa umbo tu, mwembamba apige kizito, mwenye kitambi apige mengi. Mimi huanza na swali jingine: kutwa unafanya kazi gani?

Kuli wa Kibirizi anayepakia boti, mfuko wa saruji wa kilo 50 begani, marudio anayo tele. Anachopungukiwa ni nguvu ya akiba. "Kocha, nabeba mizigo kutwa, vyuma vya nini tena?" Mdogo wangu, ukiweza kunyanyua kilo 100 toka chini, hiyo hamsini haitakukamua kama inavyokukamua sasa. Karani anayeshinda kwenye kiti na kuhema akipanda kutoka stesheni kuja Mwanga, huyo anahitaji vyote viwili.

Hatua ya 1: Jua chuma chako kina kilo ngapi

Vyuma vyetu vingi ni bomba na makopo ya zege. Namba iliyoandikwa kwa rangi usiiamini, kipeleke kwenye mizani ya muuza mahindi. Mizani ikikosekana, lita moja ya zege ni takriban kilo 2.4, kwa hiyo kopo la rangi la lita 4 lililojaa linakaribia kilo 10. Hakikisha pande mbili ziko sawa, la sivyo kiuno ndicho kitakacholipa tofauti.

Hatua ya 2: Kadiria ukomo wako bila kuujaribu

Ukomo ni uzito unaoweza kuunyanyua mara moja tu. Usiujaribu, hasa kama ni mgeni wa chuma. Pasha mwili moto, kisha chukua uzito unaoweza kuunyanyua mara 5 kwa umbo safi, yaani mkao sahihi wa mwili, na ya 6 ikakataa. Gawa marudio kwa 30, jumlisha 1, zidisha kwa uzito huo. Aliyepiga kilo 60 mara 5 anapata ukomo wa kilo 70. Ni makadirio, na marudio yakizidi 10 hesabu hii huanza kudanganya.

Hatua ya 3: Siku ya kizito

Tumia asilimia 80 hadi 85 ya ukomo. Kwa mfano wetu, kilo 56 hadi 60. Seti 4, kila seti marudio 3 hadi 5, na katikati pumzika dakika 3 kamili. Hapa ndipo vijana wanapoharibu. Wanaona kukaa dakika 3 ni uvivu, wanarudi kwenye chuma baada ya dakika moja, seti ya tatu inakuwa ya kutetemeka. Nishati ya haraka iliyomo ndani ya misuli huisha kwa sekunde kama 10 za kazi kali na huhitaji dakika kadhaa kujirudisha. Tena nguvu za wiki za mwanzo hutoka zaidi kwenye neva zinazojifunza kuita misuli mingi kwa pamoja, na neva zilizochoka hazijifunzi vizuri.

Kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, mimi huangalia visigino na magoti. Kisigino kikiinuka au magoti yakiingia ndani, seti imekwisha, hata kama ni rudio la pili. Vuta pumzi, kaza tumbo, shuka, panda, toa pumzi. Mwenye presha asibane pumzi, na amwone daktari kabla ya kugusa vizito.

Hatua ya 4: Siku ya marudio mengi

Asilimia 50 hadi 60 ya ukomo, marudio 15 hadi 25, seti 2 au 3, pumziko dakika moja. Misuli itawaka, ndiyo kazi yenyewe. Acha marudio yanapobaki mawili kabla ya kushindwa.

Kuhusu ukubwa wa misuli, njia zote mbili huujenga ilimradi seti ifike karibu na kushindwa. Ila kwa nguvu, kizito kinashinda. Na marudio mengi hayayeyushi kitambi; hicho tukaongee mbele ya sahani ya ugali.

Hatua ya 5: Panga kwa kalenda ya kazi yako

Karani: kizito Jumatatu na Alhamisi, mengi Jumamosi. Kuli: kizito mara 2 kwa wiki, siku zenye mizigo michache, basi. Mvuvi wa dagaa namwekea vizito siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka taa hazivuti dagaa vizuri na wengi hawaingii ziwani. Siku za giza, aliyevuta nyavu usiku kucha alale. Nikimpa skwati nzito asubuhi hiyo namwonea.

Hatua ya 6: Ongeza kidogo kidogo

Kwenye stamina, ongeza marudio kwanza. Ukifika 25 kwa seti zote, ongeza uzito na urudi 15. Kwenye kizito, ukimaliza seti 4 za marudio 5 bila umbo kuharibika, ongeza kilo 2.5 kwa benchi (kulala chali na kusukuma chuma juu) na 5 kwa skwati. Makopo ya zege hayana nyongeza ndogo hivyo, kwa hiyo shona vifuko viwili vya mchanga, kila kimoja kilo moja na robo, uvifunge ncha zote mbili za bomba kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kaza sana, maana kifuko kikiteleza upande mmoja katikati ya benchi, bomba zima linakuinamia.