Kasoro inatembea au inabebwa? Jaribio la utando wa fuwele kioevu

Fuwele kioevu hutiririka kama mafuta, ila molekuli zake hulala zikielekea upande mmoja. Kasoro ni mahali ambapo mielekeo hiyo inakutana bila kupatana. Anayepima mwendo wa kasoro huchanganya kwa urahisi mambo mawili: kasoro kuvutwa na mwenzake, na utando mzima kubebwa na mtiririko. Yakichanganyika, vipimo havina maana.

Tumia 5CB, aina mojawapo ya fuwele kioevu. Ni nematiki (yaani kioevu chenye molekuli zilizoelekea upande mmoja) kati ya nyuzi 24 na 35 hivi za Selsiasi, kwa hiyo mchana wa Mwanza unaifaa bila hita. Asubuhi za Juni na Julai unaweza kuikuta imeganda chupani. Ishike mkononi mpaka iyeyuke yote ndipo uifungue.

Karatasi za polaroidi, zinazopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu, zinapatikana kwa fundi simu, kwenye skrini za LCD zilizokufa. Bandua taratibu, futa gundi kwa spiriti. Moja iweke juu ya taa ya hadubini, nyingine juu ya lenzi ya jicho, kisha zungusha ya juu hadi uwanja uwe mweusi. Taa iwe ya LED, maana ya halojeni hupasha utando na kuanzisha mtiririko.

Sahani iwe ya kioo na yenye ukingo mfupi. Ya plastiki ina mikazo ndani yake inayotoa rangi kati ya polaroidi, na rangi hizo hufunika unachotafuta. Mimina glisirini ya famasi, kina cha milimita 2. Tunaelea juu ya glisirini kwa sababu kioo kikavu hukamata molekuli zilizokigusa, na kasoro hukwama palepale hata ukipasha na kupoza. Glisirini hunyonya unyevu wa hewa, hasa masika, kwa hiyo chupa na sahani vifunikwe.

Weka mikrolita 1 ya 5CB katikati, uiache isambae. Ikienea sentimita 1 ya mraba, unene ni mikromita 10. Ikitanda zaidi ikatoa mistari sambamba, imekuwa nyembamba mno, ongeza kidogo. Funga madirisha: upepo wa ziwani ukipiga juu ya utando hupoza upande mmoja, nao unaanza kuzunguka.

Kwa lenzi ya 4x au 10x utaona vitovu vyenye mikono minne myeusi. Hizo ndizo kasoro, nazo ni za aina mbili, chanya na hasi, ambazo huvutana na kufutana zikikutana. Kutambua chanya na hasi, zungusha polaroidi zote mbili kwa pamoja, nyuzi 20 hivi: mikono ya chanya hufuata mkono wako, ya hasi huenda kinyume. Ukitaka kasoro nyingi, pasha kwa taa nyingine yenye joto hadi uwanja wote ufe giza (5CB imepita nyuzi 35, si nematiki tena), kisha acha ipoe.

Sasa rekodi video kwa simu. Chagua jozi ya chanya na hasi, pamoja na punje mbili tatu za vumbi zilizo mbali nayo. Ziwe mbali kweli, maana punje iliyo jirani huvuta kasoro. Mwendo wa punje ndio mtiririko. Utoe kwenye mwendo wa kila kasoro. Kinachobaki ni mvuto wao.

Pima umbali wa jozi katika kila picha, uupige mraba, uuchore dhidi ya muda uliobaki kabla hazijafutana. Inatakiwa itokee karibu mstari ulionyooka, kwa kuwa mvuto hukua umbali unavyopungua na mnato huzuia kulingana na kasi. Mstari ukipinda tangu mwanzo, tazama kwanza kama kuna kasoro ya tatu karibu.

Usishangae kasoro za nusu, zile za mikono miwili zionekanazo kati ya vioo viwili, zikikutana pasipo katikati. Molekuli zikigeuka husukuma kioevu, na msukumo huo humharakisha chanya zaidi ya hasi.

Mabaki yote yaingie kwenye chupa ya taka za maabara. Sinki za mji huu zinaelekea ziwani.