Bagi (kosa kwenye programu) ikitokea usikimbilie kubadilisha kodi (maandishi ya programu), anza hivi

Ukifanya kazi ya kuandika programu utagundua mapema kwamba kuandika kwenyewe ndo kazi ndogo, muda mwingi unaisha ukitafuta kwa nini kitu kilichokuwa kinafanya kazi jana leo kimegoma. Na hapa ndo wengi tunaharibu, mtu akiona tu kimegoma anavamia kodi, anabadilisha hapa anafuta pale, baada ya masaa mawili bagi bado ipo na kaongeza nyingine mbili juu yake.

Cha kwanza soma ujumbe wa kosa, usome wote. Nimekaa na vijana wengi wazuri tu, anakuja anasema "imekataa", ukimuuliza imesemaje anakwambia yametokea maandishi mekundu mengi akayafunga. Jibu lilikuwa humohumo! Kama unaandika kwa lugha ya Python angalia mstari wa mwisho kabisa, ndo unataja kosa lenyewe, halafu panda taratibu mpaka ukute faili uliloandika wewe. Kwa lugha ya Java shuka mpaka "Caused by" ya chini kabisa maana mara nyingi ndo chanzo, halafu endelea kushuka taratibu mpaka ukute faili uliloandika wewe.

Cha pili, na hiki ndo kikubwa kuliko vyote, hakikisha unaweza kuisababisha hiyo bagi mwenyewe muda wowote ukitaka. Kama huwezi, hata ukirekebisha utajuaje kwamba imeisha? Kuna ripoti ya mauzo ya siku ilinitesa siku tatu, mteja analalamika baadhi ya mauzo yanaingia tarehe ya jana, kwangu kila kitu kiko sawa. Siku ya tatu ndo nikaweka saa ya kompyuta yangu iwe UTC (saa ya rejea ya dunia nzima) kama ilivyo seva, yaani kompyuta inayoendesha programu ya mteja, na bagi ikatokea hapohapo. Mteja alikuwa masaa matatu mbele ya UTC, kwa hiyo kila alichouza kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, kwa seva bado ilikuwa jana. Tangu siku hiyo muda wa jambo lililokwishatokea nauhifadhi kwa UTC, na popote ninapokata siku, iwe ripoti au skrini, naubadilisha kwanza uwe saa za mtumiaji. (Miadi ya mbele ni habari nyingine, hiyo hifadhi na jina la ukanda wa saa kabisa, maana serikali huwa zinabadilisha saa.)

Ukishaweza kuisababisha, na unajua zamani haikuwepo, usikae unakisia nani kaileta, tumia git bisect, amri ya Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi). Unaandika git bisect start, halafu git bisect bad kwa hali ya sasa, halafu git bisect good na toleo ambalo una uhakika lilikuwa zima, Git inakupeleka katikati, unajaribu, unaiambia nzima au mbovu, inakata nusu tena. Komiti (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye Git) 1000 unazimaliza kwa hatua kama 10 tu. Ila ukifika ukakuta komiti moja imegusa mafaili 60 na ujumbe wake ni "marekebisho", utaumia, kwa hiyo komiti zako ziwe ndogo na useme kwa nini umebadilisha.

Hela zikipishana kwa senti, shuku namba za desimali kwanza, kompyuta ukiiambia 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Hifadhi senti kwa namba kamili.

Wakati wa kurekebisha badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na andika testi (kodi fupi ya kukagua programu) inayofeli kwanza kabla hujagusa chochote.

Ukikwama kabisa omba msaada, ila andika vizuri: ulitegemea nini, kimetokea nini, umeshajaribu nini. Mimi meseji za hivyo nyingi nimezifuta kabla sijazituma, maana nikifika pale pa "nimeshajaribu" naona kabisa kitu ambacho sijajaribu.