Kutunza Porsche 996 na Boxster 986 nyumbani: soma filta kabla injini haijakuambia kwa sauti

Porsche 911 ya kizazi cha 996 na ndugu yake Boxster 986 zimeshuka bei sana tangu zilipotoka kiwandani miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bei ya spea haikushuka pamoja nazo. Anayenunua gari hizi leo anahitaji kujua kuzishika kwa mikono yake mwenyewe, na habari njema ni kwamba kazi nyingi zinafanyika kwenye sakafu ya nyumbani ukiwa na jeki nzuri, spana ya torki na subira.

Zote mbili zina injini ya familia ya M96: silinda sita zilizolala, tatu kila upande, zinazopozwa kwa maji. Ni injini tamu, lakini ubovu wake mkubwa huanza kimyakimya. Karibu kila mara kuna dalili ndogo inayotangulia, na mara nyingi dalili hiyo iko kwenye oili.

Kunyanyua gari

Gari liko chini mno, jeki ya kawaida haipiti. Pandisha matairi kwanza juu ya vipande vya mbao vya unene wa sentimita 4 au 5, ndipo uingize jeki. Nyanyua kwenye pointi nne za kiwanda tu, zilizo pembeni mwa gari: nyuma ya tairi la mbele na mbele ya tairi la nyuma. Weka kipande cha mpira mgumu kati ya jeki na bodi. Usiweke jeki chini ya sampu (beseni la oili chini ya injini). Na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota spana.

Oili, na kilichomo ndani ya filta

Ratiba ya zamani ya kiwanda iliruhusu kilomita nyingi mno kati ya oili na oili. Kwa injini hii badilisha kila kilomita 8,000, au mara moja kwa mwaka kama gari linatembea kidogo. Tumia oili ya 0W-40 au 5W-40 yenye idhini ya Porsche A40 iliyoandikwa nyuma ya kopo.

Endesha gari hadi oili ipate moto sawasawa, si maji tu. Lipaki mahali palipo sawa, linyanyue pande zote nne ukiweza, maana likiinama oili chafu hubaki kwenye kona ya sampu. Bolti ya kumwagia inafunguliwa kwa spana ya pembe sita ya ndani ya milimita 8. Weka beseni la lita 10 au zaidi. La lita 5 lililozoeleka kwenye gari ndogo litafurika. Acha oili ichuruzike nusu saa nzima.

Kopo la filta lina mifereji pembeni, na linataka kofia ya kufungulia ya milimita 74 yenye pande 14. Koleo litalipasua, kwa sababu ni plastiki. Likitoka huwa limejaa oili, kwa hiyo lishushe likiwa wima.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanatupa filta ya zamani. Usiitupe. Imwage oili ya ndani ya kopo kupitia kitambaa cheupe, kisha kata karatasi ya filta kwa kisu upande wa juu na wa chini, ikunjue mikunjo yote juu ya gazeti safi, uikamue, uiangalie juani. Pitisha sumaku yenye nguvu iliyofungwa kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, ili uweze kuivua na kuona ilichokamata.

Vipande vya plastiki vyeusi au vya kahawia, vidogo kama punje ya mchele, hutoka kwenye reli za cheni za taimingi, yaani cheni zinazofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio mmoja. Kimoja au viwili kwenye injini yenye kilomita nyingi si msiba, ila vikiongezeka kila unapobadilisha oili, reli zinaliwa. Vumbi laini la kung'aa lisiloshikwa na sumaku ni alumini au metali ya beringi za krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni). Ukiliona kwa wingi, usiendelee kuendesha. Vimeta vya chuma vinavyorukia sumaku ndivyo vya kuogopwa zaidi. Vikiwa vingi kiasi cha kuhesabika bila kutafuta, zima gari na ulivute kwa gari la kukokota, kwa sababu huenda beringi ya shafti ya kati, ile inayopeleka mzunguko wa krenki kwenye cheni za taimingi, imeanza kumeguka.

Kila unapobadilisha, piga picha ya karatasi hiyo iliyokunjuliwa na uandike kilomita. Picha tatu za mfululizo zina maana kubwa kuliko moja.

Rudisha bolti ya kumwagia ikiwa na washa (pete bapa) mpya ya alumini, uikaze kwa Nm 50 (newtonmita, kipimo cha spana ya torki). Kopo la filta linapata oringi mpya iliyopakwa oili, Nm 25. Injini inachukua takriban lita 8 na robo hadi 8 na robo tatu, lakini mimina 7.5 kwanza. Washa dakika chache, zima, shusha gari, subiri oili irudi chini, ndipo upime na kuongeza kidogo kidogo. Kuzidisha ni hatari kama kupunguza: oili ya ziada hupigwa ikawa povu, na povu hilo hufyonzwa na kitenganishi cha mvuke wa oili, kifaa kinachotenga oili na mvuke wa injini kabla mvuke haujarudi kuchomwa.

Kitenganishi hicho chenyewe hupasuka utando wa ndani. Dalili ni moshi mzito wa kibluu au mweupe unaoziba barabara nyuma yako, mara nyingi baada ya kuwasha. Kipime injini ikiwa imepata moto na inanguruma polepole: jaribu kufungua kifuniko cha kumimina oili. Mfyonzo mdogo ni wa kawaida. Kikiwa kimeng'ang'ania kiasi cha kukutaka uvute kwa nguvu, na injini ikitikisika mno kikitoka, badilisha kitenganishi mara moja. Oili ikifyonzwa kwa wingi hadi ijae juu ya pistoni, inaweza kukunja fimbo ya pistoni, kwa kuwa maji au oili havibanwi kama hewa.

Injini inamisi (silinda inakosa kuwaka)

Kodi za hitilafu P0301 hadi P0306, zinazosomwa kwa kifaa cha kupimia kompyuta ya gari, zinakutajia silinda yenye shida. Usinunue koili sita (zinazozipa plagi umeme wa cheche) kwa kubahatisha. Tuseme kodi ni P0304: vua magurudumu ya nyuma, hamisha koili ya silinda 4 kwenda 5, futa kodi, endesha. Kodi mpya ikiwa P0305, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0304, tazama plagi, kisha injekta.

Koili za gari hizi hupasuka nyufa nyembamba kwenye ganda la nje, na unyevu unapoingia cheche hukimbilia kwenye chuma. Ndiyo maana gari linamisi baada ya kuoshwa au mvua, kisha linapona lenyewe likikauka. Koili yenye ufa haifai hata kama leo inawaka.

Plagi zifunguliwe injini ikiwa baridi kabisa, maana kichwa ni cha alumini na nyuzi zake zinaharibika kirahisi zikiwa moto. Anza kufunga kwa vidole, ukitumia kipande cha bomba la mpira kama mpini, na plagi ikikataa, irudishe nyuma uanze upya. Malizia kwa Nm 30. Bolti za koili Nm 10. Ukikuta shimo la plagi limelowa oili, tatizo ni oringi mbili za bomba la plagi, si gasketi ya injini. Vuta bomba, badilisha zote mbili.

Maji na rejeta

Rejeta ziko mbele, kwenye pembe za bampa, na mianya yake hukusanya majani kama mdomo wa mfereji. Majani hujibana kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, yanaoza, yanakula alumini. Vua bampa mara moja kwa mwaka, toa uchafu kwa mkono, brashi laini na mashine ya kufyonza vumbi. Maji ya shinikizo kubwa yatakunja mapezi.

Ukiwa hapo, washa injini na kiyoyozi. Feni zote mbili za mbele zinatakiwa kuzunguka polepole. Isiyozunguka mara nyingi haijafa: rezista yake ya mwendo mdogo ndiyo imeungua, nayo inabadilishwa peke yake.

Pampu ya maji ina mapanga ya plastiki. Yakivunjika, vipande vinasafiri ndani ya mfumo na kuziba njia nyembamba. Shika puli ya pampu uitikise. Ikicheza hata kidogo, au ukiona alama ya kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini) iliyokauka chini yake, badilisha pampu. Unapojaza upya, changanya kulanti na maji yaliyochujwa nusu kwa nusu, inua klipu ya valvu ya kutolea hewa iliyo juu ya tangi, na uongeze kila baada ya injini kupata moto na kupoa. Huchukua siku mbili au tatu hewa yote kutoka.

Breki hazina mengi: oili ya DOT 4 kila miaka 2, na bolti za magurudumu Nm 130, zikazwe kwa msalaba.

Kazi ya kuiacha

Beringi ya shafti ya kati iko nyuma ya flaiwili. Imezibwa ikiwa na grisi yake, lakini oili hupenya, huisafisha grisi, kisha gololi zinaanza kuliana. Ikivunjika, taimingi inapotea na valvu zinagongana na pistoni. Zilizo hatarini zaidi ni zenye safu moja ya gololi, za takriban 2000 hadi 2005. Za mwanzo zina safu mbili na huvumilia zaidi.

Muda wa kuibadilisha ni klachi inapofunguliwa, pamoja na sili ya nyuma ya krenki. Lakini kabla ya kuvuta kifuniko chake, krenki lazima ifungwe kwa pini, kamshafti zifungwe, na vikaza cheni vitolewe. Ukisahau kimoja, shafti inahama na cheni zinaruka meno. Kama hujawahi kufunga taimingi ya injini yoyote, mpe kazi hii fundi aliyewahi kuifanya kwenye M96, umkabidhi pia picha zako za filta, na umwombe akurudishie beringi ya zamani uishike mkononi: izungushe kwa kidole, na usikilize kama inakwaruza.