Kufunga feni ya umeme kwenye Corolla KE70 bila kuiunga dairekti

Gari kuukuu likianza kuchemsha kwenye foleni ya Kimara, Dar es Salaam, gereji nyingi hulipatia tiba mbili zilezile. Themostati, ile vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikishapata moto, inatolewa na kutupwa, kisha feni ya umeme inaungwa dairekti, izunguke tangu ufunguo unapowashwa hadi unapozimwa. Mshale wa joto unashuka na mwenye gari anaondoka ameridhika. Kinachofuata hakioni: injini haifikii joto lake, petroli haiwi mvuke vizuri, inaosha oili kwenye kuta za silinda, na mota ya feni inachakaa kwa kuzunguka hata pale ambapo upepo wa barabarani ungetosha. Feni ya umeme ni kitu kizuri sana kwa gari la zamani, ila izunguke pale tu inapohitajika. Nitaeleza kwa KE70 yenye injini ya 4K, maana ndiyo ninayoishika kila siku. Gari lolote lenye feni ya mkanda linafuata njia hiyohiyo.

Feni ya asili ya 4K inakaa kwenye pua ya wota pampu na inazungushwa na mkanda. Kwa hiyo ukiwa umesimama foleni, injini iko sailensa (inaunguruma kwa mzunguko wa chini bila kukanyagwa mafuta), nayo feni inazunguka polepole wakati ndio unaihitaji zaidi. Ukifika kilomita 80 kwa saa, ambako upepo unatosha, inazunguka kwa kasi na kula nguvu ya injini bure.

Kabla ya kununua chochote

Feni haitibu rejeta iliyoziba. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko uangalie ndani: ukiona utando wa kutu au matope kwenye mirija, anza kwa fundi rejeta. Angalia mpira wa mfuniko, tikisa pua ya wota pampu kama ina uchezo, na kama maji yanatoa mapovu mfululizo injini inapounguruma, shida iko kwenye gasketi ya hedi. Hapo feni haitakusaidia.

Rudisha themostati. Joto lake limegongwa kwenye chuma chenyewe, yangu ni nyuzi 82. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba hiyo, na maji yakikaribia kuchemka iwe wazi kabisa. Isipofunguka, nunua mpya.

Hatua ya 1: kuchagua feni

Pima upana na kimo cha matundu ya rejeta, kisha pima nafasi kutoka kwenye rejeta hadi pua ya wota pampu, ukihesabu kwamba ile feni ya zamani haipo tena. Feni nyembamba ya inchi 12 ina unene wa milimita 60 hadi 70 hivi. Acha angalau milimita 20 mbele ya pua, kwa sababu injini hutikisika kwenye maunting zake, yaani raba zinazoibeba.

Mimi napenda feni za kutoka Japani zilizotumika, zile zenye kava lake la plastiki. Kava ndilo linaloifanya feni ivute hewa kwenye rejeta nzima badala ya ule mduara wa mapanga peke yake. Usiinunue bila kuijaribu kwenye betri. Iunge na mita ya ampea: ya inchi 12 iliyo nzima hula ampea 7 hadi 10. Ikivuta nyingi kuliko hapo huku inanguruma, bushi zimekwisha.

Ifungwe upande wa injini, ivute hewa. Ikikaa mbele ya rejeta na kusukuma, inaziba njia ya upepo gari likiwa kwenye mwendo.

Hatua ya 2: kutoa ya zamani

Ondoa waya hasi wa betri. Legeza nati nne za feni kabla hujalegeza mkanda, kwa kuwa mkanda uliokaza ndio unaoshikilia puli isizunguke. Kisha mwaga maji na utoe rejeta.

Hapa wengi wanakosea. Nati zile nne hazishikilii feni tu, zinashikilia na puli pia. Ukitoa feni na kurudisha nati vilevile, unene uliopungua unaweza kuzifanya zifike mwisho wa uzi kabla hazijaibana puli. Weka washa (ringi bapa za chuma) nene au vipande vya bomba vyenye unene uleule wa kitako cha feni, kaza, kisha shika puli kwa mkono ujaribu kuitikisa. Isiwe na uchezo hata kidogo.

Hatua ya 3: kufunga mpya

Zipo tai za plastiki zinazopitishwa katikati ya rejeta zikashikilia feni. Ninakusihi usizitumie. Feni inatetemeka, tai inasaga mirija, na baada ya miezi michache rejeta inavuja katikati, mahali pabaya kuziba. Tengeneza mikono minne ya bati nene la chuma, ifunge kwenye fremu ya pembeni ya rejeta, na weka mpira kila sehemu chuma kinapogusa kava. Zungusha mapanga kwa kidole, yasiguse popote.

Hatua ya 4: swichi ya joto

Hii ndiyo itakayoamua feni iwake lini. Tafuta inayowasha kwenye nyuzi 92 hadi 95 na kuzima ikishuka karibu 87. Ikiwasha chini ya joto la themostati, feni haitazima kamwe, na utakuwa umerudi kwenye dairekti.

Swichi za Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinafanya kazi kinyume: zikiwa baridi zinaunganisha, zikipata moto zinakata, kwa sababu rilei zake, yaani swichi zinazotumia umeme mdogo kuwasha umeme mkubwa, nazo ni za kinyume. Ukiitumia na rilei ya kawaida, feni itawaka asubuhi na kuzima injini ikichemka. Rudi kwenye sufuria yako ya maji na mita. Unayoitaka inaunganisha ikiwa ya moto, kama zile za Honda na Volkswagen nyingi za wakati huo.

Rejeta ya asili ya KE70 ni ya shaba, kwa hiyo fundi rejeta anaweza kuchomelea kitako chenye uzi kwenye tangi la rejeta. Mpelekee swichi yenyewe aipime. Njia nyingine ni kukata bomba la mpira la juu la rejeta na kuingiza kipande cha chuma chenye tundu la swichi. Ukichagua hiyo, kumbuka kwamba mpira haupitishi umeme. Swichi ya waya mmoja inategemea mwili wake upate ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia chuma cha gari, na pale katikati ya mpira haina. Mimi nililisahau hilo kwenye gari langu mwenyewe, feni ikagoma kwenye jua la saa nane mchana Ubungo. Bana waya wa ethi kwenye kile kipande cha chuma.

Hatua ya 5: waya

Usipitishe umeme wa feni kwenye swichi ya joto wala swichi ya dashibodi. Zitaungua. Kazi hiyo ni ya rilei ya pini nne, ampea 30 au 40.

Pini 30: waya wa milimita 4 za mraba kutoka chanya ya betri, ukipitia fyuzi ya ampea 20 iliyo karibu kabisa na betri.
Pini 87: waya huohuo wa 4 kwenda chanya ya feni. Hasi ya feni iende kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi.
Pini 86: umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa, kwa fyuzi ndogo.
Pini 85: kwenda swichi ya joto, ambayo inamalizia kwenye ethi.

Feni ikizunguka kinyume, badilisha chanya na hasi zake. Mimi huongeza swichi ndogo dashibodini, inayotoa ethi kwenye pini 85 sambamba na ile ya joto. Swichi ya joto ikifa njiani, unawasha mwenyewe na kuendelea na safari.

Hatua ya 6: kujaribu

Jaza maji na kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu, fungua hita hadi moto wa mwisho ili hewa itoke, na uache injini iungurume. Bomba la juu litapata moto ghafla, ndipo themostati imefunguka. Subiri feni iwake, izime, iwake tena. Nataka kuona mizunguko mitatu kabla sijafunga boneti.

Feni ikiwa inazunguka, washa taa kubwa na upime betri. Altaneta za magari haya, zile zinazochaji betri, ni ndogo, mita isishuke chini ya volti 13. Ikishuka, pandisha sailensa kidogo au tafuta altaneta kubwa zaidi.

Baada ya wiki moja, injini ikiwa baridi, rudi na spana kwenye zile nati nne za puli.