Kufomati Si Kufuta: Namna ya Kusafisha Diski Kabla Hujauza Kompyuta

Mteja mmoja aliniletea laptopu ya mtumba aliyoinunua hapa mjini Mwanza, akitaka nimwongezee RAM. Aliyemuuzia alikuwa ameshapiga Windows upya, mashine safi kwa macho. Kwa ruhusa ya mteja nikaendesha PhotoRec, programu ya bure ya kurejesha mafaili. Chai haijapoa, zikaanza kutoka picha za sendofu, vitambulisho vya NIDA vilivyoskaniwa na hesabu za dagaa za mtu wa mwaloni Kirumba. Tulifuta vyote, lakini mwenyewe hajui hadi leo.

Sababu ni hii: ukifuta faili au ukifomati kwa haraka, kompyuta inachoma daftari la ghala tu. Magunia bado yamo, mpaka uje uandike kitu kingine juu yake.

1. Jua una diski gani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uende kwenye sehemu ya utendaji wa mashine (Performance). Windows za karibuni huonyesha hapo HDD au SSD. HDD ina sahani zinazozunguka, SSD haina. Usiruke hatua hii, maana njia za kuzifuta ni tofauti.

2. Hamisha vyako kwanza. Kisha fungua nakala uhakikishe zinasoma. Ukishaanza hatua ya nne hakuna kurudi.

3. Toa HDD, uitie kwenye kasha la USB, uichomeke kwenye kompyuta nyingine yenye Windows. Chomoa flashi na diski nyingine zote za nje. Niliwahi kuacha yangu ikining'inia pembeni. Ilikuwa na picha za miaka minne.

4. Andika sifuri juu ya diski nzima. Tafuta cmd, dirisha la kuandikia amri, ifungue kwa mamlaka ya msimamizi, kisha andika mstari mmoja mmoja:

diskpart
list disk
select disk 1
clean all

Namba 1 ni mfano tu. Itambue diski yako kwa ukubwa wake: diski ya GB 500 itasomeka kama 465 hivi. Angalia mara mbili. Na neno "all" lisisahaulike, kwani "clean" peke yake inaishia kuchoma daftari lile lile.

Hapo skrini itanyamaza. Hakuna asilimia wala mstari unaosogea, na wengi hudhani imeganda wakachomoa. Iache. Diski ya GB 500 inayoandika MB 80 kwa sekunde inakula karibu saa moja na dakika 45. Zima usingizi wa kompyuta, na tumia laptopu yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati kazi inaanza upya.

Kuna watakaokwambia urudie mara 35. Hesabu hiyo ilitoka kwenye andiko la Peter Gutmann la 1996, kwa diski za zama zile. Mwongozo wa 2014 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulisema kwa HDD za kisasa kuandika juu mara moja kwa kawaida kunatosha. Mimi hupiga mara moja.

5. Jaribu kuiba. Endesha PhotoRec kwenye diski hiyo. Ikitoka mikono mitupu, fomati, irudishe ndani ya mashine yake, piga Windows, uza.

Kama ni SSD, usitegemee njia hiyo. SSD huzungusha data kati ya seli zake na ina seli za akiba ambazo Windows haizioni, hivyo sifuri zako hazifiki kote. Iache ndani ya mashine yake, utafute amri ya kufuta kwa usalama kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka, au kwenye programu ya kampuni iliyoitengeneza. Mara nyingi humalizika kwa dakika chache.

Diski iliyokufa au yenye sekta mbovu haifutiki sawasawa, kwa hiyo ivunje. Fungua kwa bisibisi ya nyota, utoe sahani. Za kompyuta ya mezani mara nyingi ni alumini, zikunje. Za laptopu nyingi ni kioo ingawa zinang'aa kama chuma: zifunge kwenye kitambaa kizito kabla hujapiga nyundo, vaa miwani, na miguuni viatu, si ndala.