Kupiga kambi na familia katika msitu wa mlimani

Familia nyingi zinazokwenda kupiga kambi mlimani hujiandaa kwa mvua na wanyama, lakini kinachowatesa watoto usiku wa kwanza ni baridi, na sehemu kubwa ya baridi hiyo hutoka ardhini walipolala. Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo bondeni kukiwa na nyuzi 20, kambi iliyo mita 1,500 juu zaidi huenda ikawa na nyuzi 10 tu, na hapo jua bado halijazama.

Fikeni kambini zikiwa zimebaki angalau saa tatu za mchana, kwa kuwa chini ya miti giza huingia mapema. Kabla ya kushusha mizigo, inua macho utazame kama kuna tawi kavu lililokwama juu au mti uliokufa. Hapo usiweke hema, hata pawe tambarare namna gani. Epuka pia sehemu iliyobonyea, kwa sababu hewa baridi ni nzito na usiku huteremka kukaa humo kama maji. Ukishapata mahali palipoinuka kidogo na palipokingwa na upepo, lala chali juu ya ardhi tupu kwa dakika moja: mgongo utakuonyesha mizizi na mwinamo ambao macho hayakuuona.

Matandiko ya chini yana umuhimu kuliko ya juu. Mfuko wa kulalia hubanwa na mwili, hewa iliyomo hutoka, na upande wa chini hauzuii tena baridi. Godoro la kujazwa upepo, lile la kawaida lisilo na kitu ndani, nalo huwa baridi sana. Tandika mkeka mnene wa sponji, na kama mna blanketi tatu, mbili zitangulie chini. Kila mtoto abadilishe nguo zote kabla ya kulala, soksi zikiwemo, maana jasho la mchana huzifanya zipoe mwilini. Usiku wa manane ukitaka kujua kama ana baridi, usishike vidole vyake, ambavyo hupoa upesi. Pitisha kiganja nyuma ya shingo, ndani ya kola.

Acheni tundu la hewa la hema wazi, la sivyo pumzi zenu zitageuka matone na kulowesha matandiko. Nawasihi wazazi wasiingize hemani jiko la mkaa wala la gesi, hata kwa dakika chache za kuota moto, kwa sababu kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye majiko hayo, haina rangi wala harufu na huua watu wakiwa usingizini. Moto wa nje uzimwe kwa maji, makaa yakorogwe, yamwagiwe tena, mpaka mgongo wa mkono ukikaribishwa usisikie joto.

Maji ya kijito yachemke kwa dakika moja, na mkiwa juu ya mita 2,000 yachemke kwa dakika tatu, kwa kuwa huko huchemka yakiwa na joto pungufu. Chakula kisilale hemani.

Mwisho, kila mtoto avae filimbi shingoni, na mfanye mazoezi jioni ileile: akipotea, asimame kando ya mti mmoja, apulize mara tatu, asikilize, kisha arudie bila kuondoka hapo.